Jani la Uyui na Watu wa Pipeti

Siku ya soko la tumbaku, mtu wa kumtazama ni mteuzi. Wakulima wa Isikizya na vijiji vingine vya Uyui wanakuwa wameshaleta marobota kwenye ghala la chama cha msingi na kuyapanga mistari, kila mtu kasimama karibu na lake. Mteuzi anapita. Anachomoa jani kutoka katikati ya robota, kwa sababu ya juu kila mkulima ameyachagua mwenyewe. Analikunjua, analipapasa kati ya kidole gumba na cha shahada, analiinua kwenye mwanga, analileta puani, anataja gredi, karani anaandika. Jasho la tangu kitaluni limeshapata bei. Malalamiko juu ya bei hiyo ni tele na wenye kuyasema wapo. Mimi nimevutwa zaidi na vidole vya yule mtu, vilivyozoea kutambua kwenye jani moja kama moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, ulipandishwa haraka mno, au kama mwenye bani alisinzia usiku wa tatu.

Baada ya hapo jani linapakiwa kwenye lori, linakwenda kusindikwa Morogoro, linavuka bahari, na sisi wa huku tunaagana nalo. Tabora imezoea kuagana na mali. Pembe za ndovu zilipita Unyanyembe mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi kuelekea Bagamoyo, na thamani yake ikajulikana huko mbele ya safari. Karanga za Waingereza zilizopandwa Urambo baada ya vita vya pili zilishindwa vibaya, tumbaku ikachukua nafasi yake, na hadi leo ndiyo inayolipa gharama za shule.

Wapo watu wanaolipokea jani hili upande wa pili. Hawalishiki lenyewe. Wanashika damu na nyama ya mtu aliyelivuta, wanatafuta alama ambayo moshi umeiacha ndani ya seli. Ni wateknolojia wa maabara, wanafunzi wa uzamili na uzamivu na wahadhiri wao, katika vyuo vikuu vinavyochunguza epijenetiki, saratani na uraibu. Magazeti yakiwaandika huandika ugunduzi. Ugunduzi una wasifiaji wa kutosha. Nataka kusifu kazi ya mikono yao, maana humo ndimo ukweli unamopatikana, na humo humo ndimo unamopotelea.

Kwanza tuelewane juu ya kinachotafutwa. Seli za mtu mmoja, za ini, za ngozi, za ubongo, zina vinasaba vilevile. Kinachozitofautisha, na ndicho epijenetiki inachochunguza, ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimenyamazishwa. Njia mojawapo ya kunyamazisha ni kibandiko kidogo cha kikemia kiitwacho methili, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachowekwa juu ya ile herufi ya vinasaba inayoitwa sitosini. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Ameshaona nyumba ya kando ya barabara kuu iliyopigwa X nyekundu. Matofali ni yaleyale na bati ni lilelile, lakini tangu siku ya X hakuna anayepaka chokaa wala anayepangisha chumba. Nyumba ipo na haipo. Methili zikijazana mwanzoni mwa jeni hufanya hivyohivyo. Tena zina uwezo ambao rangi ya barabarani haina: seli ikijigawa, kimeng'enya kiitwacho DNMT1 hupita juu ya uzi mpya na kuinakili kila alama mahali pake, na seli changa zinarithi unyamavu wa mama yao.

Kwenye saratani mpangilio huu huvurugika kwa namna mbili zinazopingana. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba vinasaba vya uvimbe vimepungukiwa methili vikilinganishwa na vya nyama nzima ya mgonjwa yuleyule. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya upungufu huo kuna jeni za ulinzi, mathalani CDKN2A inayozuia seli isijigawe hovyo, ambazo zimerundikiwa methili hadi zikanyamaza. Mlinzi kanyamazishwa, huku milango iliyopaswa kufungwa ikiwa wazi.

Tumbaku nayo ina mahali pake maalumu. Jeni iitwayo AHRR husaidia kudhibiti namna mwili unavyozishughulikia sumu za moshi, na ndani yake kuna nukta moja, inayojulikana kwa namba cg05575921, ambayo hupoteza methili kadiri mtu anavyovuta. Mvutaji anaweza kumficha mke, mchungaji na daktari. Kotinini, mabaki ya nikotini yanayopimwa kwenye mkojo, hutoweka ndani ya siku chache tu. AHRR hukumbuka miaka. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha vipimo vya damu vya watu karibu 16,000 kutoka tafiti 16 na kuona kwamba alama nyingi za sigara hufifia ndani ya miaka 5 baada ya kuacha, ila chache zilikuwa bado zinasomeka baada ya miaka 30. Mtu aliyeacha mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake anaweza kuwa babu sasa, na damu yake haijasahau.

Kazi ya namna hii iliyo karibu zaidi na sisi ni ya saratani ya umio, njia ya chakula. Ugonjwa huu umejazana katika ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia na Kenya, kupita kwetu, hadi Malawi na Afrika Kusini, na huwakamata watu wakiwa bado vijana kuliko inavyotarajiwa. Mgonjwa huanza kushindwa kumeza nyama, kisha ugali, kisha uji, mwishowe maji. Watafiti wa Eldoret, wa hospitali ya KCMC kule Moshi na wa Blantyre, wakishirikiana na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, wamekuwa wakiwahoji wagonjwa na watu wazima wasiougua kuhusu sigara, ugoro, pombe za kienyeji na chai. Chai hasa. Huko Kilimanjaro walipima kwa kipimajoto chai ya maziwa pale mtu anapopiga funda la kwanza, wakakuta ni kiasi cha nyuzi 70, ilhali kuanzia mwaka 2016 vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Wale wanaojisifu kwamba chai isiyounguza si chai, wamesikia.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ambayo hayakutarajiwa. Vinasaba kamili vya saratani za umio 552 kutoka nchi 8, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo, vilisomwa herufi kwa herufi. Ilidhaniwa kwamba pale ugonjwa ulipo mwingi litaonekana kovu la sumu fulani, kama moshi unavyoacha kovu lake kwenye saratani ya mapafu. Halikuonekana. Makovu ya wagonjwa wa Moshi na ya wale wa Uingereza yalikaribia kufanana, ingawa kwa wagonjwa wa Iran kasumba iliacha dalili zake. Kwa hiyo kinachowaua watu wa ukanda huu pengine hakifanyi kazi kwa kubadili herufi peke yake. Mwaka huohuo kikundi cha epijenetiki cha Lyon, kilichoongozwa na Zdenko Herceg, kilichapisha ramani ya methili za saratani hiyo kutoka nchi 9 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na miongoni mwa jeni zilizokutwa zimenyamazishwa kulikuwa na PAX9 na SIM2, ambazo huisaidia seli ya utando wa umio kukomaa na kutulia.

Makala za kisayansi hupita haraka mahali ambapo msomaji angependa kusimama. "Sampuli zilikusanywa," inasema sentensi, basi. Sentensi hiyo imemeza miaka na watu.

Nyuma yake yupo nesi aliyeketi na mgonjwa asiyeweza kumeza mate, akamsomea fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, akasubiri shangazi wa mgonjwa aulize swali lake la tatu. Yupo daktari aliyeteremsha mpira wenye kamera na kunyofoa kipande cha milimita chache. Yupo aliyeandika lebo kabla kipande hakijaingia kwenye kichupa. Kabla, sitilii chumvi. Kichupa kisicho na jina kikikaa mezani na kingine kisicho na jina, hakuna mashine duniani itakayorudisha haki ya wenyewe. Kipande kinazamishwa kwenye formalini ya asilimia 10. Kikikaa saa chache mno, kiini chake kinaoza huku ngozi yake ikionekana imekauka vizuri. Kikisahaulika humo siku nyingi, formalini inaunganisha vinasaba na protini hadi vinakuwa vigumu kusomeka. Ijumaa jioni ni adui wa kudumu wa patholojia, na fundi mzuri hujulikana kwa namna anavyoipanga Ijumaa yake.

Baadaye kipande hufunikwa kwa nta, hii ya parafini inayotokana na petroli, siyo ya nyuki wa Sikonge. Tofali dogo la nta hulazwa kwenye barafu lipate ugumu, halafu hufungwa kwenye mashine ya kukatia. Hapa ndipo pa kuvuta kiti. Mkataji anazungusha gurudumu kwa mkono, mwendo mmoja usiobadilika, na kila mzunguko wembe unatoa unyoya wa unene wa sehemu tano kati ya elfu za milimita, yaani maikroni 5. Unyoya wa kwanza unashikana na wa pili, wa pili na wa tatu, unatoka utepe mweupe unaoning'inia. Anabana pumzi, maana kuhema kwake kunatosha kuupeperusha. Kwa brashi nyembamba anaulaza utepe juu ya maji ya uvuguvugu, makunyanzi yanajikunjua yenyewe, kisha anauteka kwa kioo akikiinua wima polepole ili maji yateremke na unyoya ubaki. Wembe ukiwa na pengo lisiloonekana kwa macho, utepe unatoka na mchirizi. Tofali likipata joto, unyoya unajikunja. Mwenye kujua huyasikia haya kwenye gurudumu kabla ya kuyaona.

Kati ya mgonjwa na mgonjwa anafanya jambo dogo ambalo mgeni hatalitambua: anapitisha karatasi laini juu ya uso wa maji. Chembe ya mgonjwa wa kwanza ikibaki inaelea, inaweza kuketi juu ya kioo cha wa pili, na mtu mwenye umio mzima akaandikiwa saratani. Karatasi ile inapitishwa mara mamia kwa mwaka, na mara zote hakuna kinachoonekana kimenaswa. Inapitishwa tu.

Mpatholojia anatazama kioo kilichotiwa rangi na kuzungushia kwa kalamu sehemu yenye uvimbe, mwenzake anakwangua sehemu hiyohiyo kutoka kwenye kioo cha jirani, akiacha nyama nzima. Akichanganya, methili za nyama nzima zitaficha za uvimbe, na hesabu itatoka katikati, haisemi hiki wala kile. Hivyo basi, kabla ya kufika kwenye mitambo ya mamilioni, nusu ya kazi imeshafanywa au imeshaharibika. Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba sayansi yetu inafanyikia Lyon au Cambridge. Mashine ziko huko, kweli, na kibali cha kusafirisha sampuli hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa makaratasi ya kumtoa mtu machozi. Lakini sehemu ya kazi ambayo mashine haiwezi kuirekebisha ilifanyikia Moshi na Eldoret, kwa wembe na karatasi laini.

Sasa tuingie kwenye chumba cha pipeti, kifaa cha kupimia matone.

Ugumu wa kusoma methili ni kwamba mashine nyingi hazizioni. Sitosini yenye kibandiko na isiyo nacho zote husomwa sitosini. Mwaka 1992 Marianne Frommer na wenzake huko Sydney walichapisha njia ya kuzitenganisha, na hadi leo ndiyo msingi wa kazi. Vinasaba hupashwa joto ndani ya chumvi iitwayo baisalfaiti, yenye asidi, kwa saa nyingi. Sitosini iliyo uchi inageuka kuwa herufi nyingine. Yenye methili inastahimili. Baada ya hapo ukisoma, kila sitosini iliyobaki ni ushahidi kwamba palikuwa na kibandiko.

Jinsi ya kuieleza ni rahisi, jinsi ya kuitenda ni balaa. Baisalfaiti inavinyofoa vinasaba vipandevipande, na vile vilivyotoka kwenye formalini vilikuwa vimeshachakaa. Ukipunguza saa za kupasha joto kwa kuvihurumia, baadhi ya sitosini zilizo uchi hazigeuki, zinajitokeza mwishoni zikidai zilikuwa na methili. Ukizidisha, hakibaki kitu cha kusoma. Mteknolojia anatembea kati ya hasara hizo mbili, na kila mara anaweka pembeni sampuli mbili za kumlinda: moja inayojulikana haina methili hata moja, nyingine iliyojazwa methili kila mahali. Zikisoma sivyo, kundi zima la siku hiyo linakwenda jalalani, hata kama matokeo ya wagonjwa yanapendeza. Hasa kama yanapendeza.

Tazama mkono wenyewe. Kidole gumba kinabonyeza pipeti hadi kituo cha kwanza, ncha inagusa uso wa kimiminika bila kuzama, gumba linaachia taratibu. Akiachia ghafla, hewa inaingia na kipimo kinapungua. Anainua ncha usawa wa macho, kutazama kama kimo cha maji ni kilekile cha ncha iliyotangulia. Anaimwaga kwenye ukuta wa tundu, anabonyeza hadi kituo cha pili, anatupa ncha, anachukua mpya. Sahani ina matundu 96, na kila tundu lina mtu wake. Mwanafunzi mgeni huhesabu kwa mdomo. Mzoefu hupanga boksi la ncha lifanane na sahani, safu kwa safu, hivyo nafasi iliyo wazi kwenye boksi inamwambia amefika wapi hata akiitwa jina katikati. Na mgeni akipotea, kaka yake wa maabara atamwambia, "Mdogo wangu, usikisie. Mwaga, anza upya." Sijasikia ushauri mgumu kuliko huo kwa mtu ambaye sampuli zake zilitoka kwa wagonjwa ambao huenda hawapo tena.

Vinasaba vilivyogeuzwa hupakwa juu ya chipu ya kioo. Aina inayotumika sana husoma nukta zaidi ya 850,000 kati ya takribani milioni 28 zinazoweza kubeba methili, na kila chipu inabeba watu 8. Hapo pana mtego uliowanasa wengi. Chipu ya Jumatatu na ya Alhamisi hazisomi sawasawa. Joto la chumba limebadilika, chupa ya kemikali imefunguliwa mpya, mkono umechoka. Ukiweka wagonjwa wote chipu ya Jumatatu na wazima wote ya Alhamisi, utagundua tofauti kubwa sana kati ya Jumatatu na Alhamisi, na utaiita saratani. Ndiyo maana kabla ya kugusa pipeti wanachanganya majina kwa bahati nasibu ya kompyuta, mgonjwa na mzima bega kwa bega katika kila chipu. Baada ya kusoma wanakagua tena, kwa njia ninayoipenda: mwanamke ana kromosomu X mbili na moja imenyamazishwa kwa methili, kwa hiyo sampuli yenyewe inasema jinsia ya mwenyewe. Ikiwa fomu inasema Juma na chipu inasema mwanamke, kuna kichupa kilichobadilishana jina mahali fulani, na mtu atashinda siku nzima kwenye madaftari akikitafuta. Madaftari hayo huandikwa kwa wino. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililokosewa liendelee kusomeka.

Sifa za uangalifu zinaweza kumfanya msomaji adhani watu hawa hawashangai. Wanashangaa sana. Katika miaka ya 1970 huko Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, P. G. Constantinides, Peter Jones na Wieland Gevers walikuwa wakijaribu dawa ya saratani iitwayo 5-azasitidini kwenye seli za kiinitete cha panya, seli za kawaida za kushikilia viungo. Waliziacha ziendelee kukua. Baada ya siku kadhaa sahani zilikuwa na nyuzi ndefu za msuli, na nyuzi hizo zilikuwa zikicheza zenyewe chini ya hadubini. Mtu mwingine angesema sahani imechafuliwa, akaitupa, akaosha mikono. Wao walirudia, wakachapisha mwaka 1977. Jones alihamia Los Angeles, na mwaka 1980 yeye na Shirley Taylor wakaeleza sababu: dawa ile huzuia methili zisinakiliwe seli inapojigawa, na jeni za msuli zilizokuwa zimenyamazishwa zikaamka. Mwaka 2004 dawa hiyohiyo iliidhinishwa Marekani kutibu ugonjwa wa uboho unaoweza kugeuka saratani ya damu. Kilichonifurahisha ni kwamba mtu aliyekwisha kuiona sahani alirudi kuitazama tena.

Uraibu unawapa taabu ya aina nyingine, kwa kuwa kiungo kinachohusika kimefungiwa ndani ya fuvu na mwenyewe bado anakihitaji. Kwa hiyo wanakwenda kwa panya. Mwaka 2011 Amir Levine, Denise Kandel na Eric Kandel wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba panya waliokunywa maji yenye nikotini kwa siku 7 kisha wakapewa kokeini waliitikia kokeini kwa nguvu zaidi. Walipogeuza mpangilio, kokeini kwanza, hakukuwa na nyongeza hiyo. Ndani ya ubongo, nikotini ilikuwa imezilegeza histoni, yale mafundo ya protini ambayo vinasaba hujiviringisha juu yake, kuzunguka jeni iitwayo FosB, hivyo kokeini ikaikuta jeni iko tayari kusomwa. Jani letu, kwa maneno mengine, linaweza kuuandalia uraibu mwingine njia. Huo ni ubongo wa panya, na watu wa fani wenyewe ndio wa kwanza kukukumbusha.

Kwa binadamu wanabaki na damu. Mary Jeanne Kreek wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alikuwepo tangu miaka ya 1960, methadoni ilipoanza kutumika kuwatibu waraibu wa heroini. Ni dawa ileile ambayo kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Mwaka 2009 maabara yake iliripoti methili za ziada kwenye jeni ya OPRM1, mlango ambao heroini hupitia kuingia kwenye hisia, katika chembe nyeupe za damu za watu waliowahi kutumia heroini na sasa wako kwenye methadoni. Kishawishi cha kupiga kelele kilikuwepo. Lakini damu si ubongo. Tena damu yenyewe ni mchanganyiko wa chembe za namna nyingi, kila moja na methili zake, na homa ndogo tu hubadili uwiano. Mwaka 2012 mtakwimu Andres Houseman na wenzake walitoa njia ya kukadiria uwiano huo kutokana na methili zenyewe, na matokeo kadhaa ya kupendeza, yakipitishwa humo, hunyauka. Mtafiti anayeipitisha kazi yake mwenyewe kwenye chujio hilo, akijua linaweza kuifuta, ndiye ninayemvulia kofia.

Wakati mwingine nawaza wangefanya nini wakifika Uyui. Hapa kuna watu ambao hawajawahi kuvuta sigara na bado tumbaku inawaingia. Wachumaji huingia shambani asubuhi majani yakiwa na umande au mvua, nikotini inapenya kwenye ngozi, na kufikia saa nne mtu ana kizunguzungu na anatapika. Wachumaji wa nchi nyingi wanaujua ugonjwa huo. Wengine hawachumi, wanalinda moto. Bani halilali: kuni za miombo huchochewa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima, na mlinzi analala karibu na tanuri. Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walilinganisha wavutaji na watumiaji wa ugoro wa mdomoni, wakaona kwamba alama zile za methili zinatokana na moshi, kwa ugoro hazionekani. Basi mchumaji angekuwa na kotinini tele kwenye mkojo huku AHRR yake ikiwa nzima, na mlinzi wa bani huenda akawa kinyume chake. Jani na moto, ambavyo kwa mvutaji haviachani, hapa vimegawanywa na kazi.

Utafiti huo ungehitaji mchumaji, mlinzi wa bani, na jirani asiyelima tumbaku katika kila chipu. Ungehitaji kuuliza jikoni kwa kila mmoja panapikiwa nini, maana moshi wa kuni wa mama lishe utajifanya moshi wa bani. Boksi la barafu la kutoka Isikizya hadi Tabora mjini, jenereta yenye mafuta, daftari la wino. Na nesi wa kuchukua damu angelazimika kupita vijijini wakati miche bado iko kitaluni. Bani la kwanza likishawashwa, sampuli ya kulinganishia ya mwaka huo haipatikani tena.